Maji Safi, Samaki Wafu

Samaki wa dukani wana tabia ya kufa kwa ratiba. Jumamosi unanunua tangi la kioo, unalijaza maji ya mfereji, unaweka samaki watano wa dhahabu. Jumapili unapiga picha, unaposti. Wiki inayofuata mmoja anahema juu juu, mwingine amejikunyata kwenye kona, na kufikia Ijumaa unawatoa na kijiko. Maji bado yanang'aa kama ya chupa. Rafiki anasema una mkosi, muuzaji anasema uliwalisha sana, na mama anauliza mbona usingefuga kuku tu.

Kilichowaua hakionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, pale anapopumulia. Chakula kilichobaki kikioza, amonia inaongezeka. Mtoni na ziwani kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia zaidi sana. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Ni kama ploti iliyojaa wapangaji kabla ya mtu yeyote kuchimba choo.

Kulielewa jambo hili kulichukua miaka 40, na katika hadithi yake wamo baba na mwana wenye jina moja: Robert Warington.

Baba alikuwa mkemia jijini London. Tangu mwaka wa 1779, Jan Ingenhousz alipochapisha kazi yake, wanasayansi walijua kwamba mmea ukipata mwanga hutoa oksijeni. Warington akajiuliza: je, mmea na samaki wanaweza kutunzana ndani ya chombo kimoja bila mtu kubadilisha maji kila mara? Akachukua chombo cha galoni 12, kama lita 55 hivi, akatia mchanga, tope na mawe. Akapanda Vallisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, kisha akaweka samaki wawili wadogo wa dhahabu. Mwanzoni mambo yalienda poa. Baadaye majani yaliyokufa yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono wa kidimbwini. Konokono wakala uozo, samaki wakala mayai ya konokono, maji yakatakata. Mwaka wa 1850 akachapisha matokeo yake.

Habari hiyo iliwanogea watu. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake, The Aquarium. Tangi la kioo likawa fasheni ya sebule za Waingereza wenye pesa. Waliiga walichoweza kukiona: mmea, samaki, konokono. Hesabu ya Warington ilikuwa ya hewa na uozo, na kwa hayo alikuwa sahihi. Lakini ndani ya chombo chake kulikuwa pia na tope. Leo tunajua kwamba tope la mtoni au la kidimbwini hubeba bakteria wa kula amonia. Ukinakili picha ya tangi lake ukaacha tope, kwa kuwa tope ni uchafu, umeacha wafanyakazi nje. Katika mwongo wa 1860 fasheni ile ikafifia.

Jibu lilianza kutokea kwenye maji ya choo. Mwaka wa 1877, Wafaransa Théophile Schloesing na Achille Müntz walikuwa wakimimina maji taka polepole kwenye mrija mrefu uliojaa mchanga na mawe ya chokaa. Kwa siku 20, amonia iliyoingia juu ilitoka chini vile vile. Halafu nitrati ikaanza kuonekana, na amonia ikapungua hadi ikatoweka. Kama ingekuwa kazi ya mchanga peke yake, mbona usubiri siku 20? Wakapitisha mvuke wa klorofomu, kazi ikasimama. Wakaongeza maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani, kazi ikarudi. Basi ndani ya mrija kulikuwa na kitu hai. Yeyote aliyewahi kusubiri tangi jipya likomae anaijua kalenda hiyo vizuri.

Habari hizo zilimfikia Robert Warington mwana. Yeye alikuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, na kilichomkosesha usingizi ni mbolea na ngano. Kuanzia 1878 alithibitisha walichokiona Wafaransa, kisha akaongeza jambo kubwa: kazi hii ina hatua mbili na viumbe wawili. Mmoja anafikisha amonia kwenye nitriti na kuishia hapo. Mwingine anaipokea nitriti na kuimalizia kuwa nitrati. Siri ya tangi la baba ilikuwa inafunguka mikononi mwa mwana, ndani ya chupa za udongo wa shamba.

Alitumia miaka kujaribu kuwatenga viumbe hao, lakini mwaka wa 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, akafanikiwa. Kumbe shida ilikuwa ukarimu. Watafiti wengi waliwaandalia bakteria chakula kizuri cha kawaida, na hawa hawakitaki. Nguvu zao wanazipata kwenye amonia au nitriti, na mwili wanaujenga kwa hewa ya ukaa. Maisha ya namna hiyo ni magumu, hivyo wanaongezeka polepole mno. Ndiyo maana tangi lako linahitaji wiki nne hadi sita, na haraka yako haiwahusu.

Hatua hizo mbili zinaeleza pia kwa nini samaki anaweza kuponea wiki ya kwanza halafu afe ya tatu. Amonia inashuka, unafurahi, kumbe nitriti ndiyo inapanda. Nitriti huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na damu inageuka rangi ya kahawia. Samaki anahema ndani ya maji yenye hewa tele.

Hata baada ya hapo sayansi haikutulia. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Nitrobacter kama mla nitriti wa kwenye matangi. Mwaka wa 1998 Timothy Hovanec na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na ndugu wa Nitrospira. Mwaka wa 2015 ikagunduliwa kwamba baadhi ya Nitrospira hufanya hatua zote mbili peke yao. Mmoja wao alipatikana kwenye mfumo wa kufugia samaki.

Sumu ya amonia pia hutegemea maji yenyewe. Maji yakiwa na magadi mengi, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile aina inayoua, na joto huongeza makali. Mfano mkali uko hapa kwetu, Ziwa Magadi, ambako pH hufika karibu 10. Tilapia wa huko, Alcolapia grahami, angetegemea njia ya kawaida ya samaki, amonia ingemjaa mwilini. Yeye hutoa urea, kama binadamu. Mageuzi ya viumbe yalimpa suluhisho. Samaki wako wa dhahabu hana hilo, anakutegemea wewe.

Kuna ushauri wa kale kwamba uanze na samaki wa bei rahisi, wakifa si hasara. Lakini hatuna sababu tena ya kumlipisha samaki zile siku 20. Tangi linaweza kukomazwa bila samaki, kwa kutiwa amonia kidogo kidogo na kupimwa hadi amonia na nitriti zisome sufuri. Kama samaki wameshaingia, basi wawe wachache. Walishe kidogo, pima maji kila siku, na vipimo vikipanda badilisha robo ya maji. Maji ya mfereji yaondolee klorini kwanza, maana huunguza matamvua na kuua bakteria wale wale unaowangoja. Sponji ya filta isuuze kwenye maji uliyotoa tangini, usiipeleke chini ya bomba.

Halafu fanya walichofanya Schloesing na Müntz walipotia udongo wa bustani: mwombe mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima akupe kipande cha sponji yake chafu. Atacheka, lakini mchukulie tu.