Amri ya kusimamisha udanganyifu sokoni: ilitoka wapi?

Tuchukue mfano ambao kila soko inaujua. Mfanyabiashara anauza sabuni, jina lake limezoeleka. Siku moja mwenzake analeta sabuni nyingine: karatasi ya rangi ile ile, jina limegeuzwa herufi moja tu. Wateja wanachanganyikiwa, wanahama. Hakimu anaweza kufanya nini?

Zamani hakuweza kufanya mengi. Kongo ilipokuwa bado mali ya mfalme Leopold wa Pili, dekreti ya 30 Julai 1888 iliweka sheria juu ya mikataba na madeni. Kifungu chake cha 258, ambacho maavoka wetu wanakitaja mpaka leo, kinasema aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Ni kifungu kizuri, lakini kinafika nyuma ya tukio. Lazima hasara iwepo, ihesabiwe, ionyeshwe kwamba imetoka kwa yule mtu. Wakati huo sabuni ya uongo inaendelea kuuzwa.

Ubelgiji yenyewe ilikuwa na shida hiyo. Wakati wa mgogoro mkubwa wa uchumi, amri ya kifalme namba 55 ya 23 Desemba 1934 ilimpa mkubwa wa tribinali ya biashara uwezo wa kusema: acha. Miaka zaidi ya 15 baadaye wazo hilo lilivuka bahari. Hapa Kongo likawa sheria ya 24 Februari 1950 juu ya ushindani usio wa haki.

Nguvu yake ilikuwa katika neno dogo: "kujaribu". Mtu aliyewanyang'anya washindani wake wateja kwa njia isiyo ya uaminifu, au aliyejaribu tu kuwanyang'anya, tribinali iliweza kumwamuru asimamishe. Haikuwa lazima mlalamikaji angoje duka lake lifungwe kwanza.

Lakini ilikuwa sheria ya nani? Mwaka 1950 biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa makampuni ya wazungu. Mashauri ya Waafrika wengi yalikwenda kwenye mahakama za kienyeji, si kwenye tribinali iliyotoa amri hizo. Na waliopewa haki ya kuomba ni washindani. Mama aliyenunua sabuni ya uongo hakuhesabiwa.

Tribinali za biashara zenyewe zilikuja kwa sheria ya 3 Julai 2001. Wanakaa watu watatu: hakimu mmoja wa kazi, na wawili wanaotoka kati ya wafanyabiashara. Mahali ambapo tribinali hiyo haijafunguliwa, kesi inakwenda tribinali kubwa. Kisha tarehe 9 Julai 2018 ikatoka sheria mpya juu ya uhuru wa bei na ushindani.

Kwa mfanyabiashara aliyekimbia vita na kuanza upya pembeni ya kambi, tofauti kati ya kulipwa na kusimamisha si ya vitabu. Mtaji wake ni katoni chache. Hukumu ya malipo ikitoka baada ya miaka miwili, katoni zimekwisha na wateja wamezoea kwa mwingine. Ndiyo sababu ombi linalopelekwa tribinali lazima liseme wazi ni kitendo gani kinachotakiwa kisimame, na liambatane na vitu viwili ambavyo hakimu anaweza kuvitazama kwa macho: sabuni ya kweli na ile ya kuigwa.

Mnunuzi naye ana kile kifungu cha 258, pamoja na kanuni ya adhabu, inayomwadhibu anayemdanganya mteja juu ya kitu alichomuuzia.