Mdudu wa Meno: Historia ya Imani Inayowaumiza Watoto Wetu

Leo mazungumzo yetu ni juu ya meno. Lakini hatutaanza na mswaki. Tutaanza na mdudu.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba jino linalouma limeingiwa na mdudu. Mdudu huyo anakaa ndani, anatafuna usiku, na jino linabaki na shimo. Katika kliniki ya watoto, mama akifungua kinywa cha mtoto wake mara nyingi huniambia, "Sista, angalia vile wadudu wamemla." Hakuna haja ya kumcheka mama huyu. Anasema jambo ambalo binadamu wamelisema kwa maelfu ya miaka. Hebu tufuate historia ya mdudu huyu, tuone alitoka wapi, nani alimfukuza, na kwa nini bado anawaumiza watoto wetu.

MDUDU WA ZAMANI SANA

Katika nchi ya Babeli ya kale, mahali ambapo leo ni Iraki, watu waliandika juu ya vibao vya udongo. Katika maandishi hayo, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500, kuna hadithi ya mdudu aliyekwenda kulia mbele ya miungu akitaka chakula. Akapewa tini na matunda mengine. Akakataa. Alitaka aachwe akae katikati ya meno na ufizi wa binadamu. Hadithi hiyo ilisomwa kama dawa mgonjwa alipotibiwa jino.

Huko Uchina nako, jino lililooza huitwa na watu wa kawaida jino la mdudu hadi leo. Ulaya nao waliamini hivyo. Waganga wao walichoma mbegu za mmea wenye sumu uitwao Hyoscyamus niger, na mgonjwa akafunua kinywa juu ya moshi huo, huku bakuli la maji likiwa chini. Moshi ulipoisha, vitu vidogo vyeupe vilionekana ndani ya maji. Mganga akasema, "Hawa ndio wadudu wako, wametoka." Kumbe vilikuwa vipande vya mbegu zenyewe, zilizopasuka kwa joto. Mgonjwa alilipa akaenda nyumbani na jino lake bovu.

Kwa hiyo, mama, ukionyeshwa "mdudu" aliyetolewa kwenye jino la mtoto wako, kumbuka kwamba ujanja huo ni wa zamani kuliko babu za babu zetu.

WALIOMCHUNGUZA MDUDU

Mwaka 1683, fundi mmoja wa Uholanzi aitwaye Antonie van Leeuwenhoek alikwangua ukoga kutoka kwenye meno yake mwenyewe. Ukoga ni ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi. Akauweka chini ya kioo cha kukuzia vitu alichokitengeneza kwa mkono wake. Aliona viumbe vidogo mno, vingi mno, vikienda huku na huku. Hivyo ndivyo viini tunavyoviita bakteria.

Mwaka 1728 daktari wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, alichapisha kitabu kikubwa juu ya kazi yake. Yeye alisema wazi kwamba ametafuta mdudu huyo wa meno na hakumwona. Akaongeza neno ambalo lingewafaa watu wengi kama wangelisikia mapema: jihadharini na sukari na vitu vitamu.

Mwaka 1890, Mmarekani W. D. Miller, aliyefanya kazi Ujerumani, aliandika kitabu kilichounganisha mambo hayo mawili. Bakteria wa kinywani hula sukari na wanga wa chakula. Baada ya kula hutoa asidi, yaani uchachu mkali. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino kidogo kidogo mpaka shimo litokee.

Kwa hiyo wazee hawakukosea kabisa. Kuna kitu hai kinywani kinachohusika na kuoza kwa meno. Lakini si mnyoo wa kushikwa kwa kibanzi wala kutolewa kwa moshi. Anaishi kwenye ukoga, analishwa na sukari, na anaondolewa kwa mswaki.

SUKARI ILIPOFIKA KWETU

Babu zetu walitafuna miwa na kula asali, lakini si kila siku wala kila saa. Kiwanda cha sukari cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza mwaka 1922. Cha Ramisi, kule Pwani, kilifuata mwaka 1927. Baada ya uhuru vikaja Muhoroni, Chemelil na, mwaka 1973, Mumias. Sukari ikawa kitu cha kila duka na kila kikombe cha chai. Baadaye zikaja soda, biskuti na peremende za shilingi moja.

Je, kinachoharibu meno ni wingi wa sukari au ni mara ngapi mtoto anaila? Swali hili lilijibiwa kwa njia ya kusikitisha. Kati ya mwaka 1945 na 1955, katika hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa vyakula vyenye sukari kwa njia tofauti, wengine wakipewa tofi zenye kunata. Hawakuulizwa kama wanakubali, na meno ya wengi wao yaliharibika. Leo utafiti wa namna hiyo hauruhusiwi. Lakini somo lililopatikana tusilitupe, kwa maana wenzetu walililipia. Sukari inayoliwa pamoja na chakula ilileta madhara machache. Sukari inayonata, inayoliwa mara kwa mara kati ya mlo na mlo, ilileta mashimo mengi.

Sababu ni hii. Kila tukila kitu kitamu, asidi hutoka ndani ya dakika chache. Mate nayo huanza kazi ya kuiosha na kurekebisha jino, na kazi hiyo huchukua kama nusu saa au zaidi. Mtoto anayelamba peremende asubuhi, biskuti saa nne, soda mchana na chai ya sukari jioni, mate yake hayapati nafasi ya kumaliza kazi.

KUTOKA MTI HADI NAILONI

Je, watu walijikinga namna gani? Hapa sisi tuna sababu ya kujivunia. Neno letu mswaki linatokana na neno la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kijiti. Mti wa mswaki, ambao wataalamu huuita Salvadora persica, unaota katika nchi kavu kuanzia Turkana hadi Garissa na Pwani. Mtu hukata kijiti, hutafuna ncha yake mpaka iwe nyuzinyuzi, kisha husugua meno. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuunga mkono matumizi ya vijiti hivi mahali vinapopatikana. Mama asiye na pesa za mswaki wa duka asiache meno ya watoto yakae machafu. Kijiti safi kikitumiwa vizuri, pamoja na dawa ya meno, kinafanya kazi. La muhimu ni kusugua kwa upole, na kila mtu awe na chake.

Mswaki wa mpini na manyoya ulitengenezwa kwanza Uchina, kwa manyoya ya nguruwe. Mwaka 1938 mswaki wa nyuzi za nailoni ulianza kuuzwa Marekani. Nailoni haiozi, hukauka upesi na ni rahisi. Ndiyo maana leo mswaki unapatikana hata katika kioski cha kijijini.

Halafu kuna floridi. Mwaka 1901 daktari Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta watu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Baada ya miaka aligundua kwamba meno hayo ya madoa hayaozi kwa urahisi. Mwaka 1931 ikajulikana kwamba sababu ni madini ya floridi yaliyozidi katika maji. Wataalamu wakaona kwamba floridi kidogo huimarisha jino bila kulitia madoa. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ulianza kutia floridi kidogo kwenye maji yake, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walipungukiwa na mashimo kwa zaidi ya nusu. Kutoka hapo floridi ikaingia katika dawa ya meno, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiweka dawa ya meno yenye floridi katika orodha ya dawa za lazima.

Wenzetu wa Bonde la Ufa, pande za Nakuru, Njoro na Naivasha, wanaijua hadithi hii kwa macho. Huko maji ya visima vingi yana floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita. Kama meno ya watoto wa kwenu ni ya kahawia ingawa wanapiga mswaki, usimlaumu mtoto kwamba ni mchafu. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wadogo, na uliza ofisi ya maji juu ya kisima chenu. Kuchemsha maji hakuondoi floridi.

MDUDU AMEBADILISHA JINA

Sasa, mama, sogea karibu na redio. Yule mdudu hajafa. Amebadilisha jina. Leo anaitwa meno ya plastiki.

Unajua vile huwa. Mtoto wa miezi mitano, sita au saba anaanza kuhara, anapata homa, anakataa kunyonya. Jirani anafunua ufizi wake na kuonyesha uvimbe mweupe mahali pa jino la chonge. Anasema, "Haya ni meno ya plastiki. Yasipotolewa mtoto atakufa. Hospitali hawayajui." Mtoto anapelekwa kwa mtu ambaye anachimbua ufizi kwa kisu, kwa waya wa gurudumu la baiskeli au kwa ukucha. Anatoa kitu kidogo, cheupe, laini, kinachofanana na mdudu.

Kitu hicho ni nini? Ni jino la mtoto wako lenyewe, likiwa bado changa, kabla halijawa gumu. Kila mtoto mwenye afya analo.

Mambo haya yameandikwa na madaktari wa eneo letu lote. Uganda yaliripotiwa mwaka 1969. Huko huitwa ebino. Tanzania watu walisema meno ya nailoni. Mwaka 1995 watafiti wa Kenya waliandika juu ya kutolewa kwa vijino vya chonge kwa watoto wa Wamaasai wa mashambani. Majina yenyewe yatufundishe kitu. Nailoni na plastiki ni vitu vya juzi tu. Mtu akikuambia kwamba meno ya plastiki ni ugonjwa uliojulikana na wazee tangu zamani, muulize wazee hao waliijua wapi plastiki.

Kwa nini basi watu wengi wanaamini? Kwa sababu mambo mawili huja wakati mmoja. Kuanzia miezi sita mtoto huanza uji na maji. Anatambaa, anaokota vitu na kuvitia kinywani, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mamake inapungua. Huo ndio wakati wa kuhara na homa. Na huo ndio wakati ufizi huvimba kwa ajili ya meno yanayokuja. Basi jino linashtakiwa kwa kosa la uchafu.

Madhara yake ni makubwa. Mtoto ambaye tayari amepungukiwa na maji mwilini anapoteza damu pia. Chombo kichafu kinaweza kumletea pepopunda, sumu katika damu au virusi vya UKIMWI. Wengine hufa. Wanaopona huweza kukosa meno ya chonge ya ukubwani au kuota meno yaliyopinda. Na huku kuhara, ambako ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe, hakujatibiwa.

Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS, na umpeleke zahanati apewe pia zinki. Akiwa na homa, alegee, macho yaingie ndani au kinyesi kiwe na damu, usingoje asubuhi. Na nyanya, tunakuomba wewe kwa heshima. Neno lako nyumbani lina uzito kuliko letu. Ukisema mtoto asiguswe ufizi, hataguswa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Anza kusafisha jino la kwanza likitokeza. Piga mswaki mara mbili kwa siku. Ule wa kabla ya kulala usikose, na baada yake mtoto asile kitu.

2. Tumia dawa ya meno yenye floridi. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mtoto ateme povu, asimeze, wala asisukutue kwa maji mengi.

3. Mtoto hawezi kupiga mswaki vizuri peke yake mpaka afike miaka saba au minane. Msaidie.

4. Usimlaze mtoto na chupa ya maziwa, juisi au chai ya sukari kinywani.

5. Kila mwezi inua mdomo wa juu wa mtoto uangalie. Mstari mweupe karibu na ufizi ni dalili ya kwanza ya kuoza. Ukienda mapema, jino linaweza kuokolewa.

6. Akifika miaka sita, gego jipya huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni jino la utotoni na kuliacha lioze. Hilo ni la maisha. Halina mbadala.

7. Vitu vitamu viliwe pamoja na mlo, si kutwa nzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Je, katika kijiji chetu kuna mtoto aliyetolewa meno ya plastiki? Alikuwa na dalili gani kabla ya kupelekwa? Nani aliamua apelekwe, na tungemwambia nini mtu huyo bila kumwaibisha?

Mwambie na jirani yako ambaye hakusikia.