Spika ya Dock Ex-UK: Cheki Hivi Vitu Kabla Utoe Doh

Umepata spika ya dock ex-UK, inapiga ohangla hadi mabati yanatetemeka, na bei iko chini. Tulia kwanza, msee. Cheki pale simu inakalia.

Kama kile kichwa ni kipana na bapa, karibu sentimita mbili, hiyo ni ya pini 30. Apple waliileta kwa iPod mwaka wa 2003, wakaanza kuiacha 2012 iPhone 5 ilipokuja na Lightning. Lightning nayo ikaanza kutolewa 2023, iPhone 15 ilipoingia na USB-C. iPod yenyewe Apple waliiaga 2022. Kwa hivyo hata iPhone mpya haikai hapo, na wewe wa Tecno hukuwahi kualikwa.

Lakini usiitupe bado. Igeuze. Ukiona tundu dogo la mviringo limeandikwa AUX, umeomoka: waya wa milimita 3.5 unatosha kwa simu yoyote yenye tundu la spika za masikioni. Simu isiyo na hilo tundu itahitaji kiunganishi cha USB-C. Bluetooth pia iko poa, bora simu yako iipate mkiwa hapo hapo, si muuzaji kukuapia. Bila hivyo viwili mimi ningeiacha, hata iwe Bose. Na usibishe: SoundDock yao ya kwanza, ya 2004, haikuwa na AUX. Series II ndiyo ilipewa.

Sasa stima. Plagi ya Uingereza ni sawa na yetu, inaingia tu. Noma iko kwa mzigo wa Marekani: adapta ikisema 120V pekee, 240V ya Kenya itaichoma. Tafuta iliyoandikwa 100–240V. Kama adapta ilipotea, usiazime yoyote tu. Volti na upande wa chanya vilingane na stika ya spika, na ampea zisipungue. Kwenu Ndhiwa mkitumia solar, spika ya 12V DC ni rahisi kuunganisha kuliko ya 18V, lakini fundi aione kwanza, juu betri ikijaa hupita 12V.

Ijaribu dukani na simu yako mwenyewe, ngoma nzima, sauti juu. Kama umeinunua Homa Bay, kurudi kutoka Ndhiwa kupitia Rodi Kopany ni nauli nyingine, na ukifika utaambiwa ilitoka hapa ikiwa fiti.