Historia ya Sake isianze na vita

Ukilitafuta jina la Sake kwenye intaneti, utakutana na vita kwanza. Novemba 2006 ni jenerali mwasi Laurent Nkunda na askari wake. Novemba 2012 ni waasi wa M23, na Januari 2025 ni M23 tena, siku chache kabla Goma haijaanguka. Mji wenyewe upo mashariki mwa Kongo, kama kilometa 25 magharibi mwa Goma, penye njia panda: barabara moja inapanda Mushaki kwenda Masisi na Walikale, nyingine inafuata ziwa hadi Minova na Bukavu. Njia panda hiyo ndiyo iliyouponza.

Vita hivyo vimehesabiwa kwa makini. Mwaka 2017 ulianzishwa mradi wa Kivu Security Tracker, uliogeuza mashambulizi ya Kivu kuwa nukta kwenye ramani ya mtandaoni. Shirika la IPIS la Antwerp nalo limechora ramani za machimbo ya mashariki mwa Kongo, ya Walikale yakiwemo. Ni kazi nzuri, na mwanahistoria wa kesho ataihitaji. Ila nukta haisemi aliyekimbia alikuwa akilima nini, wala shamba lile alilipataje.

Na Masisi, eneo ambamo Sake imo, ugomvi mwingi huanzia kwenye shamba. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianza mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzipa makazi Gishari na kwingineko katika ardhi ya Wahunde. Mpango uliendelea hadi 1955. Makaratasi mengi ya enzi hiyo yapo Ubelgiji, kwa Kifaransa. Upande wa pili wa habari ulibaki majumbani, kwa Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili.

Namna ya kuutoa huko ilishaonyeshwa ndani ya Kongo yenyewe, kule Katanga. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi leo. Aliandika kwa Kiswahili cha mjini humo, maneno yakiunganishwa na kukatwa bila kufuata kanuni ya shule yoyote. Nakala moja ilimfikia Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970. Ili kuielewa ilibidi isomwe kwa sauti na mtu wa Lubumbashi, Kalundi Mango. Macho yaliposhindwa, sikio likafaulu. Kitabu kilitoka 1990.

Fabian alirekodi pia mazungumzo yake na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyesimulia historia ya Zaire kwa picha zipatazo mia, tangu kabla ya ukoloni hadi utawala wa Mobutu. Fabian na Vincent de Rooij wa Chuo Kikuu cha Amsterdam wakayaweka maandishi ya sauti hizo kwenye tovuti, Kiswahili na tafsiri yake, pamoja na kusitasita na mizaha. Yav naye akapata nafasi humo. Mwaka 2008 Fabian akatoa kitabu kizima cha kufafanua mazungumzo ya 1974 na mganga mmoja wa Lubumbashi, huku maneno ya mganga yakiwa yamewekwa mtandaoni. Mpangilio huo una maana kubwa. Msomaji anaweza kwenda kwenye chanzo, akamkagua profesa, akamkatalia. Vitabu vingi vya historia vilivyoandikwa juu yetu havitoi nafasi hiyo.

Hata hivyo kasoro ipo: maelezo ya tovuti ni ya Kiingereza, na picha za Tshibumba nazo ziliishia kwenye jumba la makumbusho la Amsterdam. Sauti zilitoka Lubumbashi, funguo zikabaki Ulaya. Kenya wamejaribu njia nyingine. Chao Tayiana Maina na wenzake wamekusanya ushuhuda wa wazee na kuzijenga upya kwa kompyuta kambi ambamo Waingereza waliwafunga watu wakati wa Mau Mau. Miongoni mwa walioshika usukani wamo Wakenya wenyewe.

Masisi haihitaji kuanza na tovuti. Simu yenye nafasi ya kurekodi inatosha, mradi kila rekodi iwe na tarehe, mahali na lugha, na mzee awe ameulizwa ruhusa. Yaandikwe yaliyosemwa kama yalivyosemwa, Kiswahili cha Kivu kisinyooshwe kiwe cha Dodoma. Nakala ya pili ikae mbali na Sake, kwa sababu mji huu umekimbiwa mara nyingi mno. Na mahali ambapo jina linaweza kumwua mtu, jina lifichwe. Rekodi ingoje hata miaka ishirini kabla ya kutolewa.

Jambo gumu kuliko yote ni usawa. Mzee Mhunde na mzee wa familia iliyoletwa Gishari watasimulia shamba lile lile kwa namna mbili, na mwanafunzi anayewarekodi atashawishika kubakiza moja. Asithubutu. Zote mbili zihifadhiwe, neno kwa neno.

Walimu wa historia wa Sake, Masisi na Walikale, waulizeni wazee kuhusu 1937 kabla ya kuwauliza kuhusu 2006. Waliokuwa watoto mwaka 1937 sasa wamekaribia miaka tisini au wameipita.