Magendo ya Karafuu Pemba na Utafiti wa Uhalifu Unaovuka Mipaka

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada ya uhalifu unaovuka mipaka hana haja ya kwenda mbali na Pemba. Kisiwa hiki, kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, kimetenganishwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye upana wa takriban kilomita 50, na kwa miongo mingi karafuu zimevushwa usiku kutoka bandari bubu kwenda Kenya.

Kisheria, mnunuzi wa karafuu kavu ni Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), na doria ya baharini ni ya Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM), ambacho jina lake pekee linatosha kueleza uzito wa jambo lenyewe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2006, unalenga makundi yaliyojipanga ya watu watatu au zaidi. Hapo ndipo penye kazi kwa mtafiti. Mkulima aliyempa jamaa yake mwenye mashua magunia mawili hawezi kuhesabiwa sawa na mfadhili wa ng'ambo anayelipia karafuu zikiwa bado mtini, na orodha ya waliokamatwa haiwatofautishi.

Suala zito zaidi ni bei. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkuu wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake, ilipoanza kujitosheleza, soko liliporomoka na malipo ya mkulima yakawa duni. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha bei na kuamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yalipungua, lakini msimu huohuo doria nazo ziliimarishwa. Ni kipi kilichofanya kazi, bei au doria? Jibu lake lina uzito katika upangaji wa bajeti, na halipatikani kwa kutazama msimu mmoja.

Tahadhari moja inafaa kutajwa. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, hivyo kushuka kwa ununuzi wa ZSTC si ushahidi wa magendo. Ununuzi wa kila msimu hauna budi kulinganishwa na mavuno yenyewe, pamoja na bei ya Mombasa ya wakati huo.

Mtafiti huhitaji kibali cha utafiti cha Serikali kabla ya kuanza kazi, na humpasa kuficha majina ya wanaomsimulia. Mkulima wa Micheweni au nahodha wa Kojani hatazungumzia safari za usiku iwapo anahofia kuwa daftari la mwanafunzi litaishia kituo cha polisi.