Kiswahili katika Santuri ya Mpiga Ngoma

Mwanafunzi wa Githongo hana haja ya kuelezwa kwamba Kiswahili ni lugha ya kujifunza. Nyumbani, baina ya mashamba ya chai yaliyo chini ya Mlima Kenya, husema Kimeru. Kiswahili hukikuta sokoni, garini na darasani, naye hukipata kwa jasho, akichanganya ngeli na kuchekwa na wenziwe. Kwa hiyo yamkini ataielewa kuliko mtoto wa Lamu habari nitakayoisimulia hapa, habari ya watu weusi wa Marekani waliojifunza Kiswahili wakiwa watu wazima, mbali na kila mtu ambaye angeweza kuwasahihisha, kisha wakakitia katika santuri ya muziki wa jazi.

Santuri yenyewe yaitwa Kawaida. Ilirekodiwa mjini New York tarehe 11 Desemba 1969, ikatolewa mwaka uliofuata na kampuni ndogo iliyoitwa O'Be. Kiongozi wake alikuwa mpiga ngoma, Albert Heath, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1935. Kaka zake wawili walikuwa wanamuziki wenye sifa kabla yake: Percy alipiga fidla kubwa ya besi, na Jimmy saksafoni. Mwaka 1957, John Coltrane aliporekodi santuri ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, kijana Albert ndiye aliyempigia ngoma.

Si jambo la kila siku mpiga ngoma kuwa kiongozi. Katika bendi ya jazi yeye huketi nyuma, na watazamaji humtazama mpiga tarumbeta. Sisi wa pande hizi jambo hilo latushangaza kidogo. Ukishuka kusini kutoka Meru utafika Chuka, ambako wapigaji hubana ngoma ndefu baina ya mapaja na kuzipiga wakiwa kundi zima. Wala hapana mtu atakayekuambia kwamba ngoma hizo zinamsindikiza mwingine. Huko Marekani ngoma ilipata kisa kirefu. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi, wakaandamana njiani wakipiga ngoma ili wenzao wawafuate. Mwaka uliofuata, 1740, watawala wa koloni hilo walitunga sheria kali, na miongoni mwa mambo yaliyokatazwa ni mtumwa kuwa na ngoma. Kwa nini waogope kipande cha ngozi kilichowambwa juu ya mti? Kwa sababu kilisema, nao hawakuelewa kilisema nini.

Mahali pachache tu ngoma iliendelea kusikika hadharani. Pamoja na pengine, ilisikika New Orleans, katika uwanja ulioitwa Congo Square, ambapo watumwa waliruhusiwa kukusanyika siku za Jumapili. Katika mji huohuo jazi ilichipuka baadaye, na ngoma zake zilitokana na vyombo vya bendi za askari, zikakusanywa pamoja hata mtu mmoja akaweza kuzipiga kwa mikono na miguu. Katika santuri ya Heath alikuwamo mzaliwa wa mji huo, Ed Blackwell, aliyepiga vyombo vya kugongwa. Alikuwamo pia kijana mpiga ngoma za mikono zenye asili ya Kuba. Basi watu watatu walishika midundo, na juu yao walikuwako Don Cherry kwa tarumbeta, Jimmy Heath kwa saksafoni, Billy Bonner kwa filimbi, Herbie Hancock kwa piano na Buster Williams kwa besi.

Kijana huyo wa ngoma za mikono ndiye ufunguo wa habari yetu. Alizaliwa mwaka 1946, mtoto wa Jimmy Heath, akalelewa na baba mwingine aliyeitwa James Forman. Alipokwenda kusoma California alijiunga na chama cha Maulana Karenga, ambacho tangu mwaka 1965 kilikuwa kikiwafundisha watu weusi mila walizozipanga kwa maneno ya Kiswahili. Mafundisho hayo waliyaita Kawaida. Ndani yake mlikuwa na nguzo saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani, na kutokana nazo ilianza sikukuu ya Kwanzaa, tarehe 26 Desemba 1966. Kijana akapewa jina la Mtume. Mwislamu wa pwani hushtuka anapolisikia jina hilo likiitwa hivi hivi tu, lakini yeye alilishika mpaka kufa, na kwa jina hilo alijulikana duniani.

Ni Mtume aliyewapa wenziwe majina. Ami yake Albert akawa Kuumba, baba yake Jimmy akawa Tayari, Williams akawa Mchezaji, na Hancock akawa Mwandishi. Na tungo zilizomo katika santuri ni hizi: Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia, Kamili.

Tazama maneno hayo matano. Watu hawa walikuwa wakitafuta asili yao ya Kiafrika, nao wakachagua maneno ambayo yote matano yalitufikia kutoka Kiarabu! Isitoshe, wengi wa wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya magharibi, tangu Senegal hata Angola. Bibi zao hawakusema Kiswahili. Wakosoaji waliyasema hayo tangu wakati ule, na ni kweli. Lakini nadhani ukweli huo haumalizi maneno. Mtu ambaye babu zake waliuzwa pasipo kuandikwa kabila lao atarudi kwa lugha gani? Akichagua Kiyoruba, huenda babu yake alikuwa Mmende. Kiswahili hakikuwa cha kabila lake, na kwa kweli hakikuwa cha kabila moja hata kwetu. Kilikuwa lugha ambayo Mmeru na Mnyamwezi wangeweza kukutana ndani yake. Tena siku zile kilikuwa na heshima mpya. Tanzania ilikuwa imetoa Azimio la Arusha mwaka 1967, na neno ujamaa lilikuwa likisomwa na watu ambao hawakuweza hata kulitamka sawasawa. Ama kuhusu neno baraka, mbona Mmeru hulitumia shuleni na kanisani bila kumwomba Mwarabu radhi?

Neno kawaida ndilo lililonifikirisha zaidi. Kwetu ni neno dogo, la kusemwa mtu anapoulizwa hali naye hana jipya. Wao walilirudisha kwenye maana yake nzito, yaani desturi, jambo lililokubaliwa na watu kuwa ndiyo njia yao. Nao walikuwa wanahitaji njia. Mwezi Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa, na miji mingi ikachomwa moto. Wala si kila kilichofanywa na chama cha Karenga ni cha kusifiwa. Mwezi Januari 1969 wafuasi wake waligombana na wale wa chama cha Black Panther katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na watu wawili wa Black Panther wakapigwa risasi wakafa. Neno umoja lilikuwa la kwanza katika zile nguzo saba. Santuri ya Heath ilirekodiwa kabla mwaka huohuo haujaisha.

Hancock alilipenda jina lake jipya. Alipounda kundi lake la watu sita aliliita Mwandishi, na kila mmoja akawa na jina la Kiswahili: mpiga ngoma Billy Hart aliitwa Jabali, Julian Priester Pepo Mtoto, na Bennie Maupin Mwile, ambalo nadhani lilikusudiwa kuwa mwili. Lililofaa kuliko yote lilikuwa la mpiga tarumbeta Eddie Henderson, aliyeitwa Mganga, kwani alikuwa daktari kweli, aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Howard. Kundi hilo lilitoa santuri tatu, kati ya 1971 na 1973.

Wakati huohuo Afrika Mashariki palikuwa na Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Victoria Jazz na Shirati Jazz, bendi za magitaa na dansi ambazo hazikupiga jazi ya Marekani hata kidogo. Walilichukua neno kwa sababu lilinukia mji na usasa. Hivyo kila upande ulikopa neno la mwenzake na kulitumia upendavyo, na sijasikia kwamba mtu alidai kurudishiwa.

Mtume alifariki mwezi Januari 2022, na Albert Heath tarehe 3 Aprili 2024, akiwa na umri wa miaka 88. Hancock alipokuwa mashuhuri sana, santuri ile ilitolewa tena ikiwa na jina lake mbele na la Don Cherry, na mpiga ngoma akarudishwa nyuma. Kwa hiyo anayetaka kuisikiliza leo asiitafute kwa jina la Heath peke yake.