Chachu

Kila Jumamosi usiku nakanda unga, naufunika kwa kitambaa, nalala. Asubuhi umeumuka. Nauoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko.

Kanisa liliwahi kugombana kwa sababu ya uumukaji huu. Mwaka 1053 Askofu Leo wa Ohrid aliandika barua kuwalaumu Walatini kwa kuadhimisha Ekaristi kwa mkate usiotiwa chachu. Kwa Wagiriki, chachu ilikuwa uhai. Mkate usioumuka ulikuwa mfu. Walatini walijibu kwamba Yesu alikula karamu ya mwisho siku za Pasaka, wakati Wayahudi hawaweki chachu nyumbani. Tarehe 16 Julai 1054, Kardinali Humbert aliweka hati ya kumtenga Patriaki Michael Cerularius juu ya altare ya Hagia Sophia, Konstantinopoli. Naye Patriaki akawatenga wajumbe wale. Mkate haukuwa sababu pekee, lakini ulikuwamo. Hukumu hizo zilifutwa mwaka 1965.

Nilisoma haya nikiwa na miezi saba sijaongea na mama. Mimi nimebaki Mkatoliki. Yeye amehamia kanisa la kilokole. Tulianza na suala la ubatizo, tukaishia kwenye maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi.

Jumapili iliyopita nilimpelekea mkate.

“Shikamoo, mama.”

Alikawia kidogo. “Marahaba. Hamira ulitia kiasi gani?”

Nikamwambia. Akabandika chai, akakata vipande viwili. Ubatizo hatukuugusa.